Kamba ya Mwanahamisi

Jumatatu, 9 Septemba 1957

Wiki ya tatu Garsen. Joto lile lile, mbu wale wale, Johnson yule yule.

Leo nimemwomba ufunguo wa kabati la dawa. Kwa adabu kabisa—"tafadhali" nimeitia mara mbili! Akasema kabati limeandikwa kwa jina lake, na kikipotea kitu atakayeitwa kujieleza ni yeye, si mimi. Nikamwambia mimi ni mkunga mwenye cheti, nimesomea Mombasa miaka mitatu, na ile sindano ya kuzuia damu ya uzazi ni kazi yangu. Yeye ni dresa, kazi yake vidonda na malaria. Ufunguo ameuvaa shingoni kwa uzi wa kiatu, ndani ya shati. Akasema tu kwamba nesi aliyenitangulia alivunja vichupa viwili, na barua kali ikamfikia yeye.

Mimi si huyo nesi! Nikitaka sindano, lazima nimwite, aache mgonjwa wake, aje, avue uzi, afungue, aandike, afunge. Damu haimngoji mtu aandike.

Nimeyamwaga hapa ili nisimwambie usoni.


Alhamisi, 12 Septemba

Mama wa kwanza kutoka Idsowe! Anaitwa Mwanahamisi, mke wa Chande. Mimba ya miezi saba kwa kipimo changu. Ameletwa na Mashavu, mkunga wa kijijini kwao, bibi mwembamba mwenye mikono mikubwa ya kiume. Wamekuja kwa mtumbwi tangu alfajiri.

Nilitaka kila kitu kiende nilivyofunzwa. Mashavu nikamwambia akae barazani, wasiohusika hukaa nje. Mwanahamisi nikamvua vyote, nikamwogesha. Kiunoni alikuwa na kamba ya ukindu, nyeusi kwa mafuta na jasho, ina mafundo na shanga na vijiuzi. Uchafu mtupu. Nikaikata kwa mkasi, nikampa Katana, mfagizi wetu, aichome pamoja na bandeji za vidonda. Mwanahamisi akashika kiuno kwa mikono miwili, akasema kitu kwa Kipokomo. Nikamwambia asiogope, hirizi haizalishi mtu.

Kisha kadi. Mimba ya ngapi? Ya tano. Walio hai? Watatu. Uzazi uliopita ulikuwa na tabu yoyote? Akatazama mlangoni, kule alikokaa Mashavu. Nikangoja kidogo, nikaandika: Hakuna.

Mashavu alipoona mwenzake ametoka bila kamba hakupiga kelele. Aliuliza iko wapi. Katana akaonyesha kwa kidole shimo la taka, bado linafuka moshi. Bibi akasimama pale ukingoni mwa shimo, halafu akamshika Mwanahamisi mkono, wakashuka mtoni. Hata kwaheri hakuna.

Basi na aende. Kadi yangu imejaa vizuri, mwandiko safi.


Jumamosi, 28 Septemba

Hakuna aliyekuja. Wiki mbili! Baraza imejaa wagonjwa wa Johnson—vidonda, macho, homa. Kitanda changu cha kuzalishia kimetandikwa shuka nyeupe na juu yake amelala paka. Johnson akapita, akachungulia, akauliza mgonjwa wangu anaendeleaje leo. Nikacheka kwa lazima. Nilipofika chumbani kwangu nililia.


Jumatano, 2 Oktoba

Leo Katana amesema. Alikuwa akifagia mahali pamoja mlangoni kwangu muda mrefu, nikajua ana neno.

Mkewe, Kadzo, alizalishwa na Mashavu watoto wote wawili tangu wahamie hapa kutoka Ugiriamani. Naye alivishwa kamba kama ile. "Si hirizi, dada," akasema. Mashavu hajui kusoma wala kuandika. Mwezi ukiandama, hufunga fundo. Mtoto aliyezaliwa hai, ushanga mweupe. Aliyekufa, uzi mweusi. Alifunzwa na shangazi yake, wakunga wengine wa mtoni hawana mtindo huo. Mwanamke hukaa nayo kiunoni ili habari zake ziwe naye popote.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile. Akasema, "Uliniambia nichome, dada. Hukuniuliza."

Halafu akaongeza, macho kwenye ufagio: ile ya Mwanahamisi ilikuwa na uzi mwekundu pia. Mwekundu maana yake nini? Hajui. Ya Kadzo haikuwa nao.

Nimechoma kadi ya mgonjwa. Mimi, niliyemfokea Katana wiki jana kwa kuweka kikombe cha chai juu ya kadi zangu!


Ijumaa, 4 Oktoba

Nimekwenda Idsowe. Godhana, mwenye mtumbwi, amenipeleka. Mashavu alikuwa uani anasuka mkeka. Shikamoo, mama. Marahaba—bila kuinua macho. Nikampa vipande viwili vya sabuni, akaviweka kando. Nikasema nimekosa. Nikasema sikujua. Maneno yote niliyoyapanga mtumbwini yakaniishia pale pale.

Nikauliza uzi mwekundu una maana gani. Mikono yake ikasimama. "Sasa ndiyo wauliza? Ilikuwa pale. Mimi nje, wewe na mkasi." Nikamwomba basi aniambie kwa mdomo. "Mimi sema kwa mdomo, wewe andika bibi kizee aota."

Ni kweli, mwezi uliopita ndivyo hasa ningeandika.

Mwanahamisi alitoka na ndoo, akaniona, akarudi ndani. Tumbo limeshakuwa kubwa. Nimerudi na aibu yangu, na Godhana njia nzima hakunisemesha. Nadhani Idsowe yote inajua.


Jumanne, 15 Oktoba

Amekuja! Mashavu mwenyewe, na mama mwingine mjamzito, Dado. "Nataka mkono wako," akaniambia. Anashuku mtoto amelala upande tumboni, ameshika mara tatu na hana hakika, maji ya tumbo ni mengi.

Safari hii hakukaa barazani. Nimemwingiza chumbani, nimemmiminia maji anawe, nimemwacha ashike kwanza. Kisha mimi. Kichwa kiko ubavuni, kushoto—ni kweli alivyosema. Nikampa ile tarumbeta yangu ndogo ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto. Akainamisha sikio, akakaa hivyo mpaka nikadhani amesinzia. Halafu akacheka, meno mawili ya mbele hana. Dado naye akacheka, na mimi nikacheka, sijui hata tulichokuwa tukicheka.

Tumekubaliana Dado akae hapa Garsen mpaka azae. Nikaona nafasi, nikamuuliza Mashavu tena habari za Mwanahamisi. Uso ukafungika pale pale. "Siku yake itafika," akasema.

Nilitaka kupiga meza! Hii ni roho ya mtu, si ugomvi wa majirani. Lakini ni nani aliyeuanza?


Alhamisi, 24 Oktoba

Dado kazaa salama juzi. Mtoto tulimgeuza pamoja kidogo kidogo, siku nne, Mashavu anasukuma, mimi nasikiliza moyo. Bibi alinishika kidevu baada ya kazi, kama nina miaka sita. Nilifurahi kuliko siku niliyopewa cheti.

Mto unapanda. Maji ya tope, magogo, na leo mizizi mizima ya migomba—shamba la mtu huko juu limekwenda.


Jumapili, 3 Novemba

Mvua. Barabara ya Malindi imekatika, lori halipiti tangu juzi. Sasa tuko wenyewe.

Mashavu amefika leo na Mwanahamisi, watakaa kwa Kadzo mpaka siku itimie. Alipokuwa ameshanawa mikono, akafungua pindo la leso, akatoa kamba mpya. Ameisuka upya yote, kwa kumbukumbu. Akaniambia nikae. Akaanza kunisomea, kidole kwenye fundo.

Mtoto wa kwanza, hai. Wa pili, uzi mweusi. Wa tatu hai, na uzi mwekundu. Wa nne hai, na uzi mwekundu. Mwekundu ni damu. Si damu ya kawaida—ile inayokuja baada ya kondo kutoka na haitaki kukoma. Mara ya kwanza ilijaza beseni. Mara ya pili Mwanahamisi alilala siku tatu bila kusema neno, na Chande alishaitwa kutoka shambani aje kumuaga.

Nimechukua kadi yangu. Bado inasema Hakuna. Nimelifuta neno lile kwa wino mwekundu mpaka karatasi imetoboka, nikaandika upya.

Nikampelekea Johnson. Nikamwambia huyu akizaa lazima sindano iwe mkononi mwangu, si shingoni kwa mtu. Akauliza habari hizi nimezipata wapi. Kwa Mashavu. Na Mashavu kaziandika wapi? Nikasema—kwenye kamba. Akavua miwani, akaifuta. "Nesi, nitaandikaje katika rejista ya serikali kwamba kamba imesema?"

Ilikuwa sauti yangu. Ile ile ya mwezi wa tisa! Nikatoka nikibamiza mlango, na sijui nilimkasirikia yeye au nilijikasirikia mwenyewe.


Jumatano, 6 Novemba

Wametumwa watu kutoka kijiji cha Hewani. Kuhara. Watoto wawili wamekufa. Johnson amefunga sanduku lake la safari na kuondoka asubuhi na wale wale waliokuja kumwita.

Nilimfuata mpaka majini. Niachie ufunguo, nikasema. Mbele ya watu, na si kwa adabu. Akaweka mkono kifuani, juu ya shati, pale ufunguo unapokaa. Nikaona anafikiri. Niliona kabisa! Kisha akasema kesho adhuhuri atakuwa amerudi, na Mwanahamisi ana wiki nzima bado, mimi mwenyewe ndivyo nilivyomwambia. Nikamgeuzia mgongo. Sikumuuliza jingine wala kumtakia safari njema.

Si mtu mbaya. Amekwenda kwa watoto wa watu kwenye maji yale, na Katana anasema hajui kuogelea. Lakini ufunguo umekwenda naye.


Alhamisi, 7 Novemba

Saa nne asubuhi. Naandika kwa sababu Mashavu amenitoa kwa nguvu, amesema kaa, pumzisha mikono. Ni zamu yake.

Uchungu ulianza alfajiri. Wiki nzima, nilisema! Mwanahamisi amezaa saa moja na nusu, mtoto wa kike, analia vizuri, Kadzo amempakata. Kondo limetoka zima. Nimelikagua, Mashavu akalikagua naye, tukatazamana. Dakika chache tukadhani damu haitakuja.

Halafu ikaja. Kizazi kimelegea, nakisugua kinakaza, nikiachia kinalegea tena. Mtoto tumempa ziwa ili kikaze. Miguu ya kitanda tumeiinua kwa matofali. Haikomi.

Nikamwambia Katana avunje kufuli. Akaniuliza, "Kabati la serikali, dada?" Nikamwambia vunja. Akauliza tena. Nikamwambia nimekuamuru mimi, nitajibu mimi. Mapigo matatu ya shoka. Kisanduku cha sindano kiko rafu ya juu, nimekishusha, nimekifungua.

Karatasi. Ndani mna karatasi tu, mwandiko wa Johnson, mzuri kuliko wangu: "Vichupa vinne vyote nimebeba safari ya Hewani, kuna wajawazito huko. J."

Nimeketi sakafuni. Katana akaleta rejista, akanifungulia, hajui kusoma lakini anajua ni kitabu gani. Kila safari anazibeba! Zimeandikwa, zilizokwenda na zilizorudi, ukurasa baada ya ukurasa, tangu kabla sijafika. Rejista inakaa mezani kwake, hatua sita kutoka kitandani kwangu. Sijaifungua hata siku moja. Na yeye angeniambia—si angeniambia? Jana angeniambia, kama ningemwacha aseme.

Godhana amekwisha kuondoka kumlaki. Anapanda mto, maji yanashuka. Nimemwambia kutana naye popote, chukua sindano uje, yeye mwache huko huko. Mashavu ananiita.


Saa sita. Adhuhuri imefika. Johnson hajafika.

Nilimuuliza Mashavu mara zile mbili alifanya nini. Nilidhani atataja dawa, mizizi, chochote. Akasema, "Nilishika. Sikuachia." Mara ya pili alishika tangu jua kutoka mpaka likazama, peke yake. Basi ndivyo tunavyofanya. Mkono mmoja ndani, ngumi, mwingine juu ya tumbo, tunakibana kizazi katikati. Mimi nilifunzwa hivyo hivyo Mombasa, kwa mchoro ubaoni. Nilidhani ni kitu cha wazungu.

Tukibana inapungua. Tukibadilishana zamu, katika ule muda mfupi wa kutoa mkono na kutia mkono, inamwagika. Kwa hiyo zamu tunazirefusha. Mkono wangu umekufa ganzi mpaka begani.

Mapigo ya moyo ya Mwanahamisi mia na ishirini kwa dakika.

Chande yuko barazani, pale pale nilipomkalisha Mashavu. Kila nikipita anasimama, kisha anakaa.


Saa nane na nusu. Mia na thelathini na mbili. Midomo imekuwa myeupe. Anakunywa maji ya sukari kwa kijiko, nusu inatoka. Aliniuliza mtoto ni nani, nikamwambia msichana. Baada ya muda akaniuliza tena.

Sina dawa. Sina barabara. Mto siwezi kuupunguza. Cheti changu kiko ukutani, Katana alinitengenezea fremu.

Kuna aliyepiga kelele mtoni, Katana amekimbia kutazama. Gogo. Lilikuwa gogo, si mtumbwi.


Saa tisa na kitu. Zamu ya Mashavu. Amekunja uso, jasho linamdondoka puani, na hawezi kulifuta, nikamfutia. Akanionyesha kwa kidevu pindo la leso yake. Nikalifungua. Kamba.

"Funga," akasema. "Mimi sina mkono."

Nikamuuliza nifunge nini. Ushanga, akasema, mweupe, wa mtoto. Nimeufunga. Vidole vyangu vina damu, ukindu umelowa, lakini umekaza. Kisha uzi mwekundu. Wa tatu. Nimeufunga pia, akautazama, akasema si hapo, sogeza karibu na ushanga. Nimesogeza.

Kumebaki ncha ya kamba, kama urefu wa kidole. Nikauliza hii je? Akasema uzazi ukiisha na mama amenyanyuka, hufunga fundo la mwisho na kukata. Nikauliza, na asiponyanyuka? Alibadili mguu, akabana tena.

Nimeiweka hapa juu ya daftari, kando ya mkono wangu. Mkasi nimeupeleka chumba kingine, hadi anyanyuke.

Katana yuko mtoni, anatazamia mtumbwi. Mashavu anasema mkono wake umechoka, nije.